Hipokloraiti au kloheksidini: ipi ya kusafishia mzizi wa jino?

Hizi ni dawa mbili za majimaji za kuoshea ndani ya mzizi. Kuua bakteria, zote mbili zinaweza. Tofauti kubwa ni kwamba hipokloraiti ya sodiamu, ya 0.5% hadi 6%, huyeyusha mabaki ya nyama laini ya jino iliyokufa ndani ya mfereji (njia nyembamba iliyo ndani ya mzizi). Kloheksidini ya 2% haiyeyushi kitu. Tena hipokloraiti ni ya bei nafuu, ila huharibiwa na mwanga na joto, na ikivuka ncha ya mzizi huleta maumivu makali na uvimbe. Hapo kloheksidini ina madhara madogo zaidi, na hung'ang'ania dentini (sehemu ngumu inayozunguka mfereji) ikiendelea kuzuia bakteria.

Jino lenye nyama iliyooza, ningeanza na hipokloraiti. Ncha ya mzizi ikiwa wazi, au mgonjwa ana mzio wa hipokloraiti, kloheksidini inaeleweka. Zisikutane tu mferejini: hutoa mashapo ya kahawia.