Gereji ya pikipiki Tabora mjini: kabla ya msafara wa Kigoma

Kwa msafara wa kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, fundi wa cheni hapa ni wa uhakika. Anazungusha gurudumu la nyuma, anatafuta pale cheni ilipokaza zaidi, ndipo anaacha mchezo, yaani ulegevu wa cheni, wa milimita 20 hadi 30. Ikikazwa kupita hapo, ukipakia mzigo inavutika na kula beringi.

Chujio la hewa ndiko wanakoharibu. Wanalipuliza kutoka nje, vumbi jekundu linazama zaidi kwenye karatasi. Waambie waanzie ndani. Spoku zigonge mwenyewe, inayotoa mlio mzito imelegea. Bei, sawa tu. Helmeti za abiria wanazouza? Kamba zake nyepesi mno, waachieni.