Flaiwili Nzito kwa Pikipiki ya Porini: Tairi la Nyuma Linashika

Habari zenu watazamaji, karibuni. Kabla sijaeleza lolote, tazameni hapa chini. Kilima hiki chenye mizizi nimekipanda mara mbili leo, asubuhi na mchana, gia ya pili zote mbili, tairi lilelile. Alama ya kushoto ni ya asubuhi: ni mfereji mtupu, udongo umechimbwa, mzizi umechubuka gome. Ya kulia ni ya mchana, na unaweza kuhesabu meno ya tairi moja moja kama muhuri kwenye karatasi. Kilichoongezeka kati ya safari hizo mbili ni hiki hapa mkononi: pete ya chuma, gramu 300 hivi, inayofungwa juu ya flaiwili, lile gurudumu la chuma linalozunguka pamoja na krenki, mhimili mkuu wa injini.

Pikipiki hizi za mipigo miwili, za kuchanganya oili na petroli, huwasha moto kila krenki ikizunguka mara moja. Mizunguko 6,000 kwa dakika ina maana ya moto mara 100 kila sekunde. Halafu kuna lile bomba la ekzosi lililofura tumbo. Injini ikifika resi yake, wimbi linagonga mwisho wa bomba, linarudi, linausukuma ndani ya silinda mchanganyiko uliokuwa umeanza kutoroka. Ndipo mnaposikia mlio unageuka ghafla na pikipiki inachomoka. Kwenye njia pana inanoga kweli. Kwenye mzizi uliolowa tairi linashtuka na kuachia, na likishaachia resi inapanda kufumba na kufumbua, kwa sababu vitu vinavyozunguka ndani ni vyepesi.

Pete hii inazuia mshtuko huo. Haipunguzi nguvu hata chembe; kilele cha resi kiko palepale, ila injini inakifikia kwa kupanda badala ya kuruka. Na uzito wenyewe si jambo la kupima kwa mizani tu. Angalieni umbo: chuma kingi kimewekwa ukingoni. Gramu iliyo mbali na katikati mara mbili inakinza mabadiliko ya mwendo mara nne. Kwa hiyo ukiwa unachagua kati ya pete mbili za uzito sawa, ile pana ndiyo itakayotuliza injini zaidi.

Sogeza kamera hapa, nataka hili walione vizuri. Flaiwili inatolewa kwa pula yake, ile inayoingia kwenye nyuzi za katikati. Nyundo usiiguse kabisa, kuna sumaku humu ndani na krenki haipendi kugongwa. Ikitoka, mnaona ncha ya krenki ilivyochongwa kama koni, na kikabari hiki kidogo cha nusu mwezi? Flaiwili inashikiliwa na koni, si kikabari. Kikabari kinaielekeza tu ikae mahali pake. Kwa hiyo koni na tundu lake vifutwe mpaka vikauke kabisa. Niliwahi kuacha utando mwembamba wa oili hapa. Flaiwili ikateleza, kikabari kikakatika, cheche ikawa inapiga wakati usio wake, na siku napiga kiki injini ikanirudishia mguuni. Nilichechemea wiki mbili. Tangu hapo nafuta koni mara tatu, na nati naikaza kwa spana ya kupimia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Sasa barabarani. Cha kwanza nilichokihisi ni kwamba injini haizimiki ovyo. Unapenya kati ya mawe taratibu, karibu na mwendo wa mtu anayetembea, na kidole hakikai kwenye klachi muda wote. Cha pili ndicho kilichonifurahisha zaidi: unafungua mafuta katikati ya mlima, tairi linajikita, pikipiki inasogea. Nilipanda kile kilima nikiwa nimekaa mbele kidogo tu ya kawaida, bila kupigana na usukani.

Lakini ina gharama yake, na ni haki yenu kuijua. Resi ikichelewa kupanda, inachelewa kushuka pia. Pikipiki za mipigo miwili tangu zamani breki ya injini ni ndogo, na sasa ukifunga mafuta kabla ya kona unahisi bado inakusukuma mbele. Inabidi breki ianze mapema. Ukiona gogo la kuruka, ule mkupuo wa kuinua tairi la mbele umelegea, utahitaji klachi. Anayekimbia kwenye uwanja wa mashindano wenye miruko asinunue; huko mlipuko ndio anaoutafuta.

Na kabla hata ya kununua, jaribu vya bure. Punguza upepo wa tairi la nyuma kidogo kidogo, ukichunga rimu isigonge mawe. Panda gia moja juu ya uliyoizoea, nguvu inayofika kwenye tairi inapungua papo hapo. Kama injini yako ina vali ya ekzosi yenye springi ya kurekebisha, kaza springi kidogo ili vali ichelewe kufunguka na nguvu isije kwa ghafla. Mimi nilifanya vyote vitatu, vilisaidia, lakini mlima uliolowa bado ulinishinda mpaka nilipofunga pete.

Ukiamua kununua, fungua kwanza kifuniko cha upande wa flaiwili, upime nafasi iliyobaki ndani. Pete nyingine zinahitaji kifuniko kisogezwe nje kwa kipande cha kati, bolti ndefu zaidi na gasketi ya pili, na si kila muuzaji anaviweka ndani ya boksi. Muulize kabla hujalipa.