Vikasha vya maganda ya ndizi: kwa kachori sawa, kwa urojo usithubutu

Miye napika vitafunio vya kuagizwa hapa Michenzani: kachori, katlesi, sambusa, visheti, na siku za shughuli huwa na urojo. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, lakini maboksi meupe ya povu nayaona mpaka leo yamejikusanya mitaroni kila mvua ikinyesha. Niliposikia kuna vijana wanatengeneza vikasha kwa maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni Mwanakwerekwe, nikaagiza.

Kwanza nilikwenda kuangalia, maana sitii chakula cha watu kwenye kitu nisichojua kimetoka wapi. Maganda yanaoshwa, yanachemshwa, yanasagwa mpaka yawe uji mzito. Humo wanatia wanga wa muhogo ili ushikane, siki kidogo, na gliserini. Hiyo gliserini ndiyo ufundi wenyewe: ikipungua kikasha kinapasuka ukikikunja, ikizidi kinanata mkononi. Kisha uji unakandamizwa kwenye kalibu ya moto na kukaushwa. Kinatoka cha kahawia, kina vidoa vyeusi, na ukikinusa unapata ganda kavu. Harufu hiyo haihamii kwenye chakula. Nilimwonjesha mume wangu bila kumwambia kitu, na yeye hana dogo.

Kwa mafuta wamenikosha. Wanga na mafuta havipatani, kwa hiyo hayapenyi. Sambusa na kachori zilikaa humo tangu alasiri mpaka magharibi, na kwa nje kikasha kikavu. Boksi la karatasi lingeshatota zamani.

Sasa njoo kwenye maji. Wanga unayanyonya. Ukitoa katlesi karaini ukazifunika papo hapo, mvuke unarudi kwenye kifuniko nacho kinalegea. Nilikibonyeza, dole gumba likaacha shimo. Ziache zipoe kwanza. Urojo niliujaribu jikoni kwangu, na kabla sijamaliza kula kitako kilikuwa laini, rojo linachuruzika mezani. Na muuzaji aliniapia kwamba havivuji kabisa! Angesema tu ni vya vyakula vikavu, nisingekuwa na neno.

Uhifadhi nao una kazi. Hewa yetu ya masika ina unyevu, na vile nilivyoviacha juu ya kabati viliota ukungu. Vilivyokuwa kwenye ndoo yenye mfuniko vilisalimika. Usinunue vingi kwa pupa.

Vilivyotumika nilivifukia shinani mwa mgomba, na baada ya wiki chache nilipochimbua nikakuta vipande vyembamba tu vinavyomeguka. Vingine havikufika huko, mbuzi wa jirani alivimaliza.

Bei ni karibu mara mbili ya boksi la povu. Wateja wangu wa maofisini wanalipa bila kuuliza, wa mtaani wananiambia, "Bibi, nifungie kwenye chochote." Nao siwalaumu, kachori tano si za kulipia boksi.

Ramadhani nitaagiza tena, vya sambusa, kachori na visheti peke yake, na nimewaambia vijana wapunguze kimo cha kifuniko, hiki cha sasa kinachukua nafasi bure. Anayetaka urojo aje na bakuli lake.