TAHADHARI: Wapiga picha wa usiku Mwanza, kuna jamaa anauza bodi za kamera na hakubali kukutana na wewe giza likiingia

Wakuu habarini. Kama uko Mwanza na unajichanga ubadilishe bodi (yaani kamera yenyewe bila lenzi) upate inayopiga vizuri usiku, soma hii kabla hujatuma hata mia. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya kuuza na kununua, anauza bodi za mtumba, sanasana Sony A7 III, bei milioni moja na laki nne, rahisi kupita kawaida. Simtaji jina maana majina anayo mengi, leo hili kesho lile, ila staili ni ileile. Anakutana na mteja mchana tu. Saa saba, jua la utosini, nje huko maeneo ya stendi ya Nyegezi, unapiga picha mbili tatu za daladala, unaona kitu kinang'aa, unatoa hela.

Sasa huo mchana ndo mtego wenyewe. Juani kamera inapiga kwa ISO 100 (ISO ni namba ya kuikuzia kamera mwanga, giza likizidi unaipandisha) na shata, kile kipazia cha kupitisha mwanga, inafunguka na kufunga chapchap, hapo hata senso, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ikiwa imekufa nusu inakutolea picha safi. Ubovu unajitokeza ukipandisha ISO 6400 kwenda juu, au ukiacha shata wazi sekunde 20, 30. Ndo unaona vidoti vyekundu na bluu, mistari inakatiza picha, kona moja imekuwa zambarau. Yaani kitu unachonunulia kamera ndo hicho hicho jamaa anahakikisha hukipimi.

Dogo mmoja wa Igoma anayepiga harusi na sendofu alichukua kwake. Hamu yake ilikuwa kupiga taa za wavuvi wa dagaa, si mnajua siku ambazo hakuna mwezi ukisimama Capri Point ziwa zima limewaka utadhani kuna mji mwingine kule. Akaniletea faili nimsaidie kusafisha. Nafungua naona taa nyingi ziwani, sawa, napandisha macho naona taa nyingine angani, nikamuuliza dogo hawa jamaa siku hizi wanavulia mpaka mawinguni? Tukafunika kamera kwa kifuniko chake, tukapiga sekunde 30 gizani, picha inatakiwa iwe nyeusi tupu, ikaja imejaa vidoti kama kanga. Fundi alipoifungua akakuta kutu ya kijani ndani, ilishaoga maji hiyo. Kidoti kimoja viwili ni kawaida kwa kamera yoyote, msije mkakataa kamera nzima kwa sababu hiyo, mimi naongelea mamia.

Mwingine ni dada wa Kirumba, yeye alipewa A7 II iliyobandikwa nembo ya III. Kwa mbele zinafanana sana, lakini geuza nyuma: A7 III ina kijiti kidogo cha kusogeza fokasi kwa dole gumba, II haina. Fungua mlango wa memori kadi, III ina sehemu mbili, II moja. Betri ya III ni NP-FZ100, nene, ya II ni NP-FW50, ndogo. Na sio tofauti ya jina tu, II ni ya 2014, III ni ya 2018, senso nyingine kabisa, ISO yake ya kawaida inafika 51200 wakati ya II ni 25600, na kwenye mwanga hafifu III bado inashika fokasi pale mwenzake anahangaika mbele nyuma mbele nyuma.

Halafu kwenye tangazo anaandika "ISO 204800" kwa herufi kubwa. Namba hiyo ipo kweli kwenye A7 III ila ni ya kulazimisha, ukipiga nayo ni chenga tupu, hakuna mteja atakulipa.

Ukimuuliza shata imepiga picha ngapi anakuonyesha jina la faili, DSC02314, eti elfu mbili tu bosi. Muongo. Hiyo namba ikifika 9999 inaanza upya, na anaweza kuirudisha mwanzo muda wowote. Shata ya A7 III inakadiriwa kudumu picha laki mbili, na hiyo namba ya faili inaweza ikawa imeshazunguka mara kumi na tano na wewe hujui. Hesabu ya kweli imefichwa ndani ya faili la picha, kuna programu za kuisoma, ila lipate kutoka kwenye kadi yako mwenyewe. Zile picha za Jiwe la Bismarck usiku anazotuma WhatsApp sio ushahidi, picha ikipita WhatsApp kawaida taarifa za kamera zinafutika, haijulikani ilipigwa na nini wala na nani. Mwambie akutumie faili la raw (lile ghafi linalotoka moja kwa moja kwenye kamera) kama dokumenti, uone atakavyoanza kukohoa.

Na ukikuta menyu ni ya Kijapani tupu, akakwambia "nitakuapdetia lugha", achana naye. Sony zilizouzwa soko la Japani nyingi zinakuja na lugha hiyo moja tu, kwenye menyu hakuna pa kubadilisha.

Kusema ukweli wengine hata bodi mpya hamuhitaji. Kama unapiga na lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 3.5 (namba ya tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ukiweka 50mm ya 1.8 unapata mwanga karibu mara nne, palipokuwa panataka ISO 6400 unapiga 1600 kwa bodi hiyo hiyo ya zamani. Na ziwa na mawe hayakimbii, nunua stendi ya miguu mitatu. Bodi ni kwa nyie wa kumbi na maharusi wanaocheza.

Ila kama lazima ununue kwa mtu, kutana naye saa moja jioni sehemu yenye watu, nenda na kadi yako na lenzi yako, piga ile ya kifuniko, piga ISO 12800, ziangalie kwenye laptopu sio kwenye kioo cha kamera. Akikataa jioni umeshapata jibu.

Advansi usitume. Huyu anaomba laki mbili "ya kukushikia", ukitaka kuthibitisha malipo jina linalokuja ni la mtu mwingine, anasema laini ya mdogo wake. Hapo usiweke namba ya siri. Kama ulishatuma leo au jana, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi waizuie kabla haijatolewa kwa wakala, ripoti namba yake kwa meseji kwenda 15040 (namba ya kuripoti matapeli), kachukue RB polisi, na meseji zake usifute hata moja.