Santuri 3 za Trax Records mezani kwangu: muziki mkubwa kwenye plastiki ya mabaki

Wadau habari za saa hizi, karibuni tena sebuleni kwangu, na leo sina simu wala spika mpya ya kuwafungulia boksi. Leo nina santuri. Zipo tatu hapa mezani, na zote asili yake ni lebo moja, yaani kampuni ya kutoa muziki, ya Chicago, Marekani, inaitwa Trax Records. Wengi mlioniandikia baada ya video ile ya amapiano mliniuliza huu muziki ulianzia wapi hasa, na mimi nikasema siwezi kujibu kwa sentensi moja, ntaleta vitu vyenyewe tuvitazame pamoja. Maana amapiano imetoka kwenye hausi (house, muziki wa klabu wa ngoma za mashine) na kwaito za Afrika Kusini, na ukiifuata hiyo hausi nyuma nyuma mpaka mwisho wa njia, utafika Chicago, na ukifika Chicago lazima upite kwenye mlango wa hawa jamaa.

Kabla sijagusa santuri, nawaombeni dakika chache turudi tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa besiboli wa hapo hapo Chicago unaitwa Comiskey Park. Mtangazaji mmoja wa redio, Steve Dahl, aliyekuwa analichukia disko, alitangaza kwamba mtu yeyote akija na santuri ya disko ataingia uwanjani kwa senti 98 tu. Watu wakaja maelfu kwa maelfu, santuri zikakusanywa kwenye kreti kubwa, zikalipuliwa katikati ya uwanja, watu wakaingia kiwanjani, vurugu, mechi ya pili ya siku ile haikuchezwa kabisa. Sasa sikilizeni, pale uwanjani alikuwepo kijana mweusi anafanya kazi ya kuwaonyesha watu viti, anaitwa Vince Lawrence, na amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa anaweka akiba anunue sinthesaiza, kile kinanda cha umeme cha kutengenezea sauti, na alichokiona kwenye zile santuri ni kwamba nyingi hata hazikuwa disko, zilikuwa ni muziki wa watu weusi tu basi. Likumbukeni hilo jina, Vince Lawrence.

Disko ikaonekana imekufa. Lakini pale pale Chicago kulikuwa na klabu inaitwa Warehouse, yaani ghala, na dijei wake alikuwa Frankie Knuckles, aliyetoka New York mwaka 1977. Waliokuwa wanacheza pale ni vijana weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja ambao milango mingi ya mji ilikuwa imefungwa kwao. Knuckles akawa anachukua disko za zamani anazikata kwenye tepu, anazirefusha, anaongeza ngoma ya mashine chini yake, watu wanakesha. Wauza santuri wakaanza kuulizwa "ule muziki wa kule Warehouse mnao?", na jina likakatwa likabaki kipande tu, hausi. Hiyo ndiyo asili ya neno inayokubalika na wengi na mimi naikubali.

Mwaka 1984 dijei mwingine, Jesse Saunders, aliibiwa santuri aliyokuwa anafungulia nayo shoo zake. Badala ya kulia akaamua atengeneze ya kwake, akishirikiana na nani? Na yule kijana wa viti, Vince Lawrence. Ikatoka On and On, na watu wengi wanaihesabu kuwa ndiyo santuri ya kwanza ya hausi duniani. Walipotaka kuichapa wakaenda kwa mzee mmoja anaitwa Larry Sherman, ana kiwanda cha kuchapa santuri hapo hapo mjini. Sherman hakuwa mtu wa klabu, hakuwa akiuelewa sana huo muziki, ila aliona kitu kimoja, vijana wanakuja na santuri zinaisha wanarudi kuchapa tena. Hapo ndipo Trax ilipozaliwa, na mimi naomba muishike hiyo sehemu ya kiwanda kwa sababu mazuri yote na mabaya yote ya hii lebo yanatoka humo.

Haya, santuri ya kwanza. Marshall Jefferson, Move Your Body, 1986. Jefferson wakati ule alikuwa mfanyakazi wa posta, na hakuwa mpiga kinanda hodari, alirekodi taratibu kwenye vyombo vyake kisha akaongeza kasi, ndiyo maana ile piano inaanza kama mtu anayekimbia ngazi. Watu walimwambia hausi haina piano. Yeye akajibu kwa kuuita wimbo wimbo wa taifa wa hausi, jina limeandikwa hapo kwenye lebo. Mimi nikiweka hii, sekunde ishirini za kwanza mpenzi wangu jikoni anaanza kutingisha mabega, na yeye hausi hana habari nayo kabisa. Sauti ya Curtis McClain ikiingia, kazi imekwisha. Ukitaka kununua moja tu ya kuanzia, anzia hapa.

Ya pili ndiyo ya roho yangu. Can You Feel It ya Mr. Fingers, naye ni Larry Heard, alikuwa mpiga ngoma kwenye bendi kabla hajanunua sinthesaiza ya Roland Juno-60. Hakuna kuimba kwenye toleo hili. Besi inatembea pole pole, zile noti za kinanda zinazopigwa kwa pamoja zinapanda na kushuka kama mtu anahema usingizini, na ngoma haiongezi hata kelele moja isiyotakiwa. Jamani mimi hii nimeisikiliza mara sijui ngapi, nimeisikiliza kwenye daladala na spika mbovu za masikioni, nimeisikiliza usiku wa kumuuguza mama hospitali, na kila mara inanifanyia kitu kile kile, inaniweka chini. Leo wakisema "dipu hausi", ile ya taratibu yenye huzuni na raha kwa pamoja ambayo Afrika Kusini waliipenda wakaifanya yao, mzizi wake uko kwenye hii sahani. Huyu mtu peke yake chumbani na mashine mbili tatu!

Ya tatu sasa, shikeni masikio, Acid Tracks ya Phuture, 1987. Phuture ni vijana watatu, DJ Pierre, Spanky na Herb J. Spanky alinunua mashine ya mtumba, Roland TB-303, ambayo ilitengenezwa kuanzia 1981 ili mpiga gitaa asiye na mtu wa besi apate besi ya kufanyia mazoezi. Kwa kazi hiyo ilishindwa, haisikiki kama besi ya kweli hata kidogo, kampuni ikaacha kuitengeneza 1984, na bei kwenye mitumba ikaanguka. Pierre akaanza kuzungusha vile vifundo huku mashine inapiga, sauti ikawa inalia kama chura, inakwaruza, inafunguka inajifunga, na wao badala ya kurekebisha wakasema hapana acha hivyo hivyo tuirekodi. Wakampelekea Ron Hardy, dijei wa klabu ya Music Box. Wanasimulia wenyewe kwamba aliipiga mara ya kwanza watu wakatoka wote ukumbini, akangoja, akaipiga tena, akaipiga ya tatu, na ya nne watu walikuwa wamepagawa. Usiku mmoja huo huo! Kanda zikasambaa mjini kabla hata santuri haijatoka. Marshall Jefferson ndiye aliyesimamia utayarishaji wake, Trax ikaichapa, ikavuka maji mpaka Uingereza, na kiangazi cha 1988 vijana wa kule wakawa hawalali kwa asidi hausi, yaani hausi yenye sauti hii ya 303. Zaidi ya dakika 11 za mashine moja iliyofeli sokoni. Kwa mtu mgeni sikushauri uanze nayo, utaniandikia matusi, ila ukishazoea zile mbili rudi kwa hii usiku, sauti juu.

Sasa tuongee bidhaa yenyewe, plastiki, maana hii ni chaneli ya uchambuzi na sitaki kuwaficha kitu. Wakusanyaji wa santuri dunia nzima wanalijua hili, chapa za Trax za miaka ya 80 zina sifa mbaya. Santuri nzuri inachapwa kwa plastiki mpya safi, punje zinayeyushwa, zinakandamizwa katikati ya mabamba mawili yenye mifereji. Sherman alikuwa anabana matumizi, anayeyusha santuri za zamani zisizouzika anazichapa upya, na plastiki ya mabaki inabeba uchafu na vipande vya karatasi za lebo, kwa hiyo sindano ikipita unasikia kama mtu anakaanga vitumbua nyuma ya muziki. Na hebu fikirini kidogo, mwaka 1979 santuri za watu weusi zinalipuliwa uwanjani, miaka michache baadaye mji ule ule santuri kuukuu zinayeyushwa zinakuwa hausi. Mimi jambo hilo kila nikilifikiria linanisisimua.

Ndiyo maana nawaambia kiwanda kilikuwa baraka na balaa. Baraka kwa sababu kijana alikuwa anamaliza wimbo wake, haendi kubembeleza kampuni kubwa New York au Los Angeles, anaenda mtaa wa pili, na baada ya muda mfupi santuri iko dukani na iko mkononi kwa dijei. Muziki ulikuwa unabadilika haraka mno, na kasi hiyo ndiyo ilifanya Trax na wapinzani wao DJ International, wale waliotoa Jack Your Body ya Steve "Silk" Hurley iliyoshika namba moja Uingereza Januari 1987, waweze kuuteka ulimwengu kutoka mji mmoja. Kampuni kubwa ingekaa vikao miezi sita.

Balaa lake sasa ni pesa na majina. Chukua Your Love, wimbo uliotungwa na kuimbwa na Jamie Principle, lakini Trax walipoutoa 1987 jina kubwa kwenye santuri lilikuwa la Frankie Knuckles. Mpaka leo ukimuuliza mtu ni wimbo wa nani atakwambia Knuckles. Na kwenye mirabaha ndiyo kabisa. Larry Heard na mwimbaji Robert Owens walifungua kesi mwaka 2020 wakidai kwamba kwa miaka yote hiyo hawakulipwa haki zao na lebo, Sherman mwenyewe alifariki mwaka huo huo, na mwaka 2022 kesi ikamalizika kwa makubaliano, haki za nyimbo zao zikarudi mikononi mwao. Zaidi ya miaka 35, wadau! Mtu ametengeneza Can You Feel It, imepigwa kila bara, imeuzwa imeuzwa tena, na anasubiri miaka 35 kuambiwa rasmi kwamba wimbo ni wako. Mwaka huo huo wasanii wengine wa enzi zile, Jefferson akiwemo, nao wakaenda mahakamani. Wasanii wetu wa Bongo mnaonitazama, nyie hili mnalielewa kuliko mtu yeyote, umesaini karatasi una miaka 19 hujasoma hata ukurasa wa pili kwa sababu ulitaka tu wimbo utoke.

Kwa hiyo nunueni nini. Ukiniuliza muziki nakupa 10 kwa 10 bila kufikiri. Chapa za zamani nazipa 4, na ninyi msiokuwa wakusanyaji msihangaike nazo, ni ghali na zinakaanga, mkitaka harufu ya historia sawa, mkitaka kusikiliza hapana. Chukueni chapa mpya iliyotengenezwa kutoka kanda nzuri, na hapa nna jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote, angalieni nani anauza. Larry Heard ana lebo yake mwenyewe tangu miaka ile ya 80, inaitwa Alleviated Records, ukipata kazi yake kupitia huko lipa huko hata kama imezidi bei kidogo. Hii ya kwangu ya pili niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ikaja imepinda kama sahani ya plastiki iliyokaa karibu na jiko, nikaiweka chini ya vitabu vizito wiki mbili imenyooka kiasi, kwa hiyo mkiagiza ombeni wafunge kwa maboksi mawili na msiache kifurushi kikae juani hata nusu saa, joto letu la Dar santuri hailiwezi.

Kwenye simu nazo zipo hizi nyimbo, sikilizeni kwa spika za masikioni zenye besi nzuri, na mwangalie jina la mtunzi sio jina la juu tu. Mtu aliniuliza kama zinafaa kupigwa kwenye harusi. Move Your Body inafaa, baada ya keki, wazee wakishakula, niamini mimi. Acid Tracks usijaribu.

Video ijayo ntawaletea DJ International, nimeshapata santuri mbili natafuta ya tatu, mwenye nayo Mombasa au Nairobi anayekubali kuniazima aniandikie hapo chini. Sasa hivi nazima taa, naweka sindano kwenye Can You Feel It na sisemi tena, sikilizeni ile besi inavyoingia.