Kwa Mjomba, Mwanga: pa kulilia katuni na kutazamia tenisi

Kama uko Kigoma mjini na unapenda katuni za Kijapani, zile za kutoa machozi, au unatafuta mahali pa kutazama tenisi bila makelele ya mpira wa miguu, nenda kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, kilicho nyuma ya soko la Mwanga, kichochoro cha mafundi cherehani. Hakina bango. Uliza kwa Mjomba, utaonyeshwa. Mimi ni fundi hapohapo jirani, nikishafunika cherehani jioni huwa naingia.

Filamu ni shilingi 500, mechi kubwa 1,000. Mabenchi ni ya mbao, na mchana bati linachoma. Mlangoni kuna mihogo ya kukaanga, dagaa wa pilipili na kahawa. Hayo hata vibanda vingine vinayo. Wasichokuwa nacho wengine ni jinsi Mjomba anavyowajali watu walioketi mle ndani.

Vibanda vingi huweka filamu zilizotafsiriwa, DJ anaongea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye mapigano napenda, inachangamsha. Lakini sitaki sauti ya DJ kwenye Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, ya mwaka 1988. Seita na mdogo wake Setsuko wanabaki bila mama baada ya mji wa Kobe kuchomwa kwa mabomu mwaka 1945. Setsuko ana kopo lake la pipi. Pipi zinapoisha, kaka anatia maji koponi, anatikisa, anampa anywe utamu uliobaki. Pale hakuna cha kuongeza. Mjomba anaiacha kwa Kijapani chake, maandishi ya Kiingereza chini, na kwa ajili ya wasiosoma Kiingereza husimama mbele kabla haijaanza, akaeleza hawa watoto ni nani na vita ni vipi. Dakika chache tu, kisha anakaa. Vijana wa bodaboda waliokuwa mbele yangu, ambao kijiweni sauti zao zinasikika hadi barabarani, walikuwa wanajifuta kwa mikono ya majaketi. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Sheria ya kibanda ni kwamba anayemcheka anayelia anatoka, na hela hairudishwi.

Ilipoisha akatuwekea My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki. Hakuokoteza: filamu hizo mbili zilitoka Japani siku moja, Aprili 1988, zikionyeshwa pamoja. Kwangu mimi kuanza na ile ya machozi ndiko sahihi. Totoro nayo ina hofu, ila ni za saizi ya nyumbani. Mama amelazwa, telegramu inafika, mtoto Mei hajulikani alipo, kandambili inaokotwa bwawani. Nikiwa pale gizani nilikumbuka za kwetu: namba ngeni inapiga saa nane usiku nawe una mzazi kijijini, mtoto uliyemtuma chumvi hajarudi na giza limeingia, radi ya ziwani inapasuka juu ya bati, mjusi anakudondokea shingoni. Zikipita, hakuna anayekuuliza habari zake. Lakini mle ndani kibanda kizima kilishika pumzi kwa ajili ya Mei, na alipopatikana mama mmoja nyuma yangu alisema "alhamdulillahi" kwa sauti, kama amepatikana mjukuu wake. Nilitoka mwepesi.

Tenisi nilianza kuielewa hapohapo, Mjomba akinieleza kwa nini ni 15, 30, halafu 40. Fainali ya wanaume ya Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Paris, tarehe 8 Juni 2025, Carlos Alcaraz wa Hispania na Jannik Sinner wa Italia, ilianza kwetu saa kumi jioni jua likiwa bado kali, maana huku magharibi linachelewa kuzama. Iliisha saa tatu na nusu usiku. Saa 5 na dakika 29, hakuna fainali ya pale iliyowahi kufika huko. Mimi nilikuwa upande wa Sinner. Alichukua seti mbili za mwanzo, kwenye ya nne akaongoza magemu 5–3, akapata pointi tatu za ubingwa mfululizo, yaani angeshinda moja tu angekuwa bingwa. Alcaraz akazifuta zote tatu. Mjomba alikuwa ameshapunguza sauti, tunasikia mpira na viatu vikiburuzika kwenye udongo mwekundu. Muuza mihogo alisimama mlangoni na sinia kichwani, hauzi wala haondoki.

Seti ya tano, umeme ukakatika. Watu walipiga yowe! Feni kimya, taa zimezimika, lakini picha haikutikisika, kwa sababu runinga na king'amuzi amevifunga kwenye betri na inveta. Kwa huduma hiyo peke yake, ile 1,000 ni halali yake. Seti ilifika magemu sare, ikaamuliwa kwa pointi za mwisho (tie-break), Alcaraz akazimaliza kwa 10–2. Nilinyong'onyea. Mjomba hakutuharakisha kutoka, aliita kahawa. Mwezi uliofuata Sinner alilipiza kwenye fainali ya Wimbledon, mashindano makubwa ya London, seti tatu kwa moja, nami nilikuwa benchi lilelile.

Ninalolidai ni mlango. Upo mmoja, na watu wakijaa benchi la pembeni linauziba nusu. Waya wa feni nao umechubuka, unaning'inia karibu na vichwa. Hofu hiyo si ya kuzoewa, nimemwambia, na amekubali kutoboa mlango wa pili upande wa choo. Pia watoto wadogo wasiingizwe kwenye Grave of the Fireflies, wasubiri Totoro.

Choo ni kisafi na maji yapo. Akina dada tunakaa bila kusumbuliwa. Fainali ya wanaume ya Wimbledon, tangu 2025, inaanza saa kumi jioni ya London, yaani saa kumi na mbili kwetu. Fika saa kumi na moja, na uje na tochi ya kurudia, kichochoro hakina taa.