Mshauri wa tatu ndo ameniacha nijiulize mwenyewe

Jana nimemaliza kikao cha 8 na huyu mtaalamu wa saikolojia nikaona niandike, maana mi nilitafuta sana maoni ya mtu aliyepitia hii hali ya kujiuliza kuhusu jinsia yake na nikakosa. Jina lake silitaji kwa ajili ya usiri wangu mwenyewe.

Kabla yake nilipita kwa wawili. Wa kwanza nilivyomwambia tu kwamba sina uhakika na jinsia niliyoandikiwa nilipozaliwa, akasema huo ni ugonjwa wa akili na atanirudisha sawa kwa vikao 10. Nilitoka pale najichukia kuliko nilivyoingia. Wa pili alikuwa na roho nzuri kabisa ila haraka zake jamani, dakika ya 20 keshaniambia mi ni trans, yaani mtu ambaye jinsia anayojihisi sio ile aliyoandikiwa alipozaliwa, na nianze kufikiria homoni za kubadili mwili, wakati mi nilikuwa bado sijui, nilienda na swali langu akaning'ang'aniza jibu lake.

Huyu wa tatu nilianza kumpigia simu kabla sijalipa chochote, nikamuuliza ameshawasaidia watu wenye hali kama yangu au ndo atajifunzia kwangu, na je nikija kugundua mi sio trans itakuwaje? Hakusita. Akasema basi tutakuwa tumelijua hilo, na ukigundua kweli ni trans, pia tutakuwa tumelijua, yeye hana upande. Hapo hapo nikaomba nafasi.

Kikao cha kwanza kabla ya yote akaniuliza, "Nikuite kaka, dada, au jina tu?" Yaani maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikakaa kimya muda mrefu na yeye akauacha ule ukimya, hakuangalia saa, hakukohoa, mpaka nikasema jina tu. Akaandika halafu akaligeuza daftari upande wangu nisome, jina langu na chini yake "bado anajiuliza, tusiharakishe". Nililia.

Akanieleza pia nani anaweza kuona faili langu na ni wakati gani atalazimika kuvunja siri, mfano maisha yangu au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Nilipomsimulia yule wa kwanza akanionyesha kwamba Shirika la Afya Duniani lilishaitoa hii hali kwenye sura ya magonjwa ya akili, kwenye ICD-11, yaani toleo la 11 la orodha yao ya kimataifa ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Na hao wanaoahidi kukubadilisha, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa azimio 2021 kuwapinga kwa sababu wanaumiza watu. Nilihisi kama kuna mzigo umetuliwa, maana yale maneno ya "ugonjwa" nilikuwa nalala nayo.

Kasoro zipo. Dakika 50 zikiisha zimeisha hata kama ndo kwanza umefika penye uchungu, na katikati ya wiki hajibu meseji, kuna usiku mmoja ilinitesa kweli. Alinieleza baadae kwa nini, nimeelewa ila bado sijapenda. Nyota 4 na nusu.

Ukitafuta wako, lile swali la "je nikigundua mi sio trans" muulize kwenye simu kabla hujatoa hela, halafu muulize na la upande wa pili, "je nikigundua ndo mwenyewe". Akifurahia moja na kununa kwa lingine, endelea kutafuta.